Hela Iliingia, Mzigo Haukutoka: kisa cha mchuuzi wa dagaa na programu ya benki yake

Mama ninayemweleza hapa ni wa kubuni. Nimemtengeneza kutokana na hali zinazowakuta wachuuzi wa dagaa wanaofanya kazi kati ya visiwa vya Ukerewe na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Viwango vya fedha nilivyompa ni vya mfano, na benki yake haina jina kwa sababu kisa hakilihitaji. Sheria, tarehe, mifumo ya malipo na tabia ya ziwa ni za kweli.

Swali la kisa ni lile linaloulizwa kwenye vikao vya benki kila bajeti inapoandaliwa. Tuna matawi, tuna mawakala, tuna menyu ya nyota-reli, ile ya kubonyeza * na #, inayofanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa nini tumwage fedha nyingine kwenye programu ya simujanja? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba foleni zitapungua, vijana wataipenda na benki itaonekana ya kisasa. Kwa mtu anayeuza dagaa Mwaloni majibu hayo hayana uzito. Yeye foleni amekwisha kuizoea, na usasa haununui magunia.

Tuanze na biashara yenyewe, maana bila kuielewa programu itajengwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawazoa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mwanga wake unamezwa na mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa na injini zinatengenezwa. Kwa maana hiyo fedha ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inakofikia, ina msimu wake ndani ya kila mwezi. Siku za giza inahitajika taslimu kila alfajiri, na nyingi. Siku za mbalamwezi watu wanakula akiba.

Mama yetu hununua dagaa wabichi kwa ndoo huko kisiwani Ukara, huwalipa kina mama wa kuanika, hungoja jua lifanye kazi yake, hupakia kwenye magunia na kuyavusha hadi Mwaloni. Jua likikubali ni kazi ya siku moja. Mvua ikishuka kabla dagaa hawajakauka, bei inaanguka mpaka ile ya chakula cha kuku. Mwaloni yuko binti yake, anayepokea mzigo na kuuza. Wanunuzi wanatoka Dar es Salaam, Dodoma, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Wale wa mbali huchangia lori, kila mmoja na magunia yake.

Malipo makubwa ya wanunuzi hao hupitia benki. Akaunti za simu zina ukomo wa kiasi kwa siku, na makato yake kwenye mamilioni yanauma. Malipo madogo ya mwalo, yaani wavuvi, waanikaji, mafuta ya injini na nauli, hupitia simu au mkononi. Kwa hiyo fedha inaingilia mlango wa benki na kutokea mlango wa simu, na katikati yuko mama na PIN mbili.

Ijumaa ya giza

Siku ya kisa ilikuwa Ijumaa, katikati ya giza. Mama yuko Ukara. Binti yuko Mwaloni na magunia 60 yaliyokwisha kupimwa. Mnunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka amekwenda tawi la benki mjini saa nne asubuhi, ameweka shilingi milioni 9 kwenye akaunti ya mama, amerudi sokoni na risiti. Amepiga picha ile risiti, akamtumia mama.

Ujumbe wa benki wa kuthibitisha haukufika. Mama akabonyeza menyu ya nyota-reli. Ikafunguka, ikamwuliza namba ya siri, kisha mtandao ukalegea na menyu ikajifunga. Akarudia, akaambiwa huduma haipatikani kwa sasa. Akapiga namba ya huduma kwa wateja, muziki ukapiga hadi salio likakata.

"Mama, hela nimeweka," alisema mnunuzi kwenye simu ya binti. "Karatasi hiyo hapo."

"Karatasi nimeiona, baba. Hela sijaiona. Nivumilie kidogo, mzigo ni wako."

Alikuwa na haki ya kushika msimamo. Risiti ya benki ni karatasi, na karatasi inachapwa popote. Ujumbe wa simu nao unaghushiwa, sidhani kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuambiwa na asiyemjua, "ile hela tuma kwenye namba hii." Mfanyabiashara anayetoa mzigo kwa kuonyeshwa picha hamalizi mwaka sokoni.

Saa nane lori likaondoka. Wenzake waliochangia usafiri hawakuwa na sababu ya kungoja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, gari la kwenda Geita na mipakani halipangi tena foleni ya kivuko. Dereva aliyekuwa na saa kadhaa za kupoteza sasa hana hata moja ya kumpa mtu. Mnunuzi akabaki na hasira. Ujumbe wa benki ulifika saa moja usiku, tawi likiwa limeshafungwa. Ulionyesha kwamba fedha ilikuwa kwenye akaunti tangu saa nne asubuhi.

Jumatatu mama alivuka kwenda kurudisha milioni 9 kwa mwenyewe. Magunia aliyauza wiki ile ile kwa bei ya chini kidogo. Hasara yake ya shilingi haikuwa ya kumfunga biashara. Kilichopotea ni mnunuzi, ambaye alikuwa akichukua mzigo kila giza na sasa anachukua kwa jirani.

Benki ilishindwa wapi?

Kitu cha kuangalia kwa makini ni kwamba benki haikushindwa kuhamisha fedha. Kaunta ilipokea, akaunti ikaongezeka papo hapo. Ungemwuliza meneja wa tawi angekuambia muamala ulikamilika bila dosari, na angekuwa anasema kweli. Kilichokosekana ni jicho. Watu watatu walihitaji kuiona hela ile kwa wakati mmoja, mama kisiwani, binti kwenye mzigo na mnunuzi kando ya lori, na hakuna hata mmoja aliyeweza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema benki ijenge programu ili iwanyang'anye wateja M-Pesa na wenzake. Vita ya kuhamisha fedha kwa simu imekwisha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania 2008, na kwa miaka iliyofuata kampuni za simu za hapa zilikubaliana kutumiana fedha kati ya mtandao mmoja na mwingine, mapema kuliko nchi nyingi. Leo Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni hizo. Hela inasafiri vizuri. Utafiti wa FinScope ulionyesha watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wamepanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi asilimia 76 mwaka 2023, na walioingia wengi waliingilia kwenye simu. Wanaotumia benki ni takribani mmoja kati ya watano. Benki inayotengeneza programu ili mteja atume hela kwa shangazi yake inajenga barabara pembeni ya barabara iliyokwisha kuwekwa lami.

Menyu ya nyota-reli inabaki na heshima yake. Haihitaji bando, haihitaji simu ya bei, na kila bibi anaijua. Lakini iliundwa kwa ajili ya swali fupi na jibu fupi. Inapita kwenye mlango wa kampuni ya simu, si wa benki, na ikichelewa inajifunga ikiwa imekuacha katikati ya sentensi. Inakupa salio na miamala michache ya mwisho. Haikupi jina la aliyeweka, tawi alilowekea na saa aliyoweka kwa namna ambayo unaweza kumwonyesha mtu mwingine akaridhika. Ujumbe wa kuthibitisha nao unapita mlango ule ule wa kampuni ya simu, na siku mtandao umeelemewa unafika unapotaka wenyewe.

Programu inazungumza na benki moja kwa moja. Ukiifungua, kinachoonekana ni daftari la benki lenyewe, na si habari iliyotumwa kutoka huko. Mwenye akili za haraka atauliza kuhusu mtandao wa Ukara. Ni kweli, mnara ukizima programu nayo imezima. Lakini angalieni ulikokuwa mzigo. Mzigo ulikuwa Mwaloni, katikati ya jiji, kwenye mtandao mzuri, mikononi mwa binti mwenye simujanja. Binti hakuweza kuona kwa sababu akaunti ni ya mama yake.

Hili la binti ndilo kiini cha kisa, na ndilo watengenezaji wa programu za benki hulipita bila kuligusa. Benki inamjua mwenye akaunti mmoja. Biashara ya dagaa ni ya familia: mama mwaloni, binti sokoni, mjomba kwenye mtumbwi. Wanachofanya watu leo ni kupeana namba ya siri. Mama anamtajia binti PIN, binti anaiandika mahali, na siku simu inaibwa stendi, mwizi anapata vyote. Benki inawaambia wateja wasitoe PIN, kisha haiwapi njia yoyote ya kufanya kazi bila kuitoa.

Dawa yake si ngumu kwa fundi. Mwenye akaunti ampe mtu wa pili ruhusa ya kuona bila kutoa. Binti afungue programu kwenye simu yake, kwa namba yake ya siri, aone fedha zinazoingia tu. Salio lote alione au asilione kwa kadiri mama atakavyopenda. Mama anaweza kuiondoa ruhusa hiyo muda wowote. Upande wa mnunuzi, risiti ya kaunta iwe na alama ya kupiga picha (QR) ambayo programu ya benki inaisoma na kujibu kama ni ya kweli. Vitu viwili hivyo tu, na lori la saa nane lingeondoka na magunia 60. Huwezi kuviweka kwenye menyu ya nyota-reli, na wakala hawezi kukufanyia.

Mkopo uliokataliwa

Miezi kadhaa kabla ya Ijumaa ile, mama alikuwa ameomba mkopo wa milioni 15. Alitaka kujenga vichanja vya kuanikia. Dagaa wa kwenye mchanga huja na mchanga wake, bei yake ni ya chini, na mvua ikishuka ghafla hawaokoleki upesi. Wa kwenye kichanja ni safi, anakauka juu na chini, na turubai linamfunika kwa haraka. Ni mradi ambao mtu yeyote wa mwaloni angeuelewa kabla hujamaliza kuueleza.

Afisa mikopo aliomba leseni, namba ya mlipakodi, barua ya mtendaji, dhamana na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Taarifa ya akaunti ndiyo iliyomwangusha. Ilionyesha milioni 9 zinaingia asubuhi na zinatoka zote kabla ya jioni, kisha kimya cha siku kumi, kisha mafuriko tena. Afisa akaona mteja asiyetunza fedha. Mtu wa mwaloni angeona mtu anayefuata giza la mwezi bila kukosa, anayezungusha mtaji wake kila anapopata nafasi, na anayelipa wavuvi alfajiri ile ile.

Wala afisa hakuwa mjinga. Nusu ya hadithi haikuwa mezani kwake. Fedha ilipotoka benki ilikwenda kwenye simu, na yale malipo madogo mia yaliyofanya biashara iitwe biashara yalibaki kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu na kwenye daftari la mistari ambalo mama huliweka chini ya godoro.

Kampuni ya simu, yenyewe, haikumwuliza barua ya mtendaji. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ikaja Tanzania 2014, zote kwa ubia wa benki na kampuni ya simu. Tangu hapo mtu akikopeshwa kwa simu, kinachoangaliwa ni namna anavyotumia simu yake. Huduma za kuongezewa salio pungufu zikafuata. Mama anapokosa laki mbili alfajiri anaipata kwa kubonyeza, na anailipa kwa ada ambayo kwa mkopo wa mwaka mzima ingemtoa roho. Laki mbili haijengi kichanja. Anayehitaji milioni anakwenda kwa kausha damu, na jina la mikopo hiyo linajieleza.

Kisha zikaja programu za mikopo zisizo na leseni, zile zinazosoma majina yote kwenye simu yako na kuwatumia ujumbe wakwe zako kwamba unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Nadhani orodha ile ilipaswa kusomwa na mabenki kama utafiti wa soko. Watu walizitumia programu hizo kwa maelfu wakijua zinadhalilisha, kwa sababu zilikuwa zinajibu ndani ya dakika chache, usiku, bila koti na tai. Mahitaji yalikuwepo, na mwenye leseni hakuwepo.

Kwa hiyo sababu ya pili ya benki kuwekeza, na kwa benki yenyewe naiona ndiyo kubwa zaidi, ni kumbukumbu. Mama akilipia wavuvi kupitia programu ya benki, akipokea kwa programu, akiandika mle mle kwamba hii ni ya ndoo, hii ya mafuta na hii ya waanikaji, daftari la chini ya godoro linahamia mahali ambapo afisa mikopo anaweza kulisoma. Benki haitampenda zaidi kwa hilo. Itaacha tu kumkopesha, au kumnyima, gizani.

Na kuna jambo la marejesho ambalo linanikera kila ninapolifikiria. Mkopo wa benki unadai tarehe moja kila mwezi wa kalenda. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Kila mwezi mbalamwezi inaitangulia kalenda kwa siku moja hivi, na ndani ya mwaka imehama siku 11, kama Ramadhani inavyohama. Maana yake rejesho lililopangwa mwanzoni mwa mkopo liangukie kwenye giza, wakati mauzo yamepamba moto, kabla mwaka haujaisha litamkuta mama kwenye mbalamwezi, mitumbwi imepumzika. Atachelewa wiki moja, ataandikwa ni mdaiwa msumbufu, na kumbukumbu hiyo itamfuata benki nyingine. Mfumo wa kompyuta wa benki unaweza kukokotoa riba kwa kila siku. Haushindwi kuhesabu mwezi. Programu inaweza kumwachia mteja achague: nilipe tarehe, au mkate sehemu ya kila malipo makubwa yanayoingia. Kwa mchuuzi wa dagaa hiyo ya pili ndiyo pekee yenye maana.

Programu ilikuwepo

Sasa niseme lile ambalo huenda msomaji wa benki amekuwa akilisubiri. Benki ya mama ilikuwa na programu. Iko kwenye duka la programu, ina rangi nzuri, ina picha ya msichana anayecheka kwenye mgahawa. Mama aliwahi kuwekewa na kijana wa tawini. Wiki chache baadaye ikadai isasishwe, simu ikasema nafasi imejaa. Alipofuta picha za harusi ya mdogo wake ikasasishwa, ikamtaka ajisajili upya, na kujisajili upya kukamtaka afike tawini na kitambulisho. Kutoka Ukara, tawini ni kuvuka hadi Bugolora, gari hadi Nansio, na kama Nansio hawakumaliza, meli hadi Mwanza. Akarudi kwenye nyota-reli.

Kwa hiyo kusema "tuna programu" si kusema tumewekeza. Fedha iliyotumika ilikwenda kwenye sura, na sehemu ndogo ikaenda kwenye yale yanayomfanya mtu aendelee kuitumia mwezi wa tatu. Programu ya mwambao inatakiwa iwe nyepesi, ifanye kazi kwenye simu za bei ya chini zinazouzwa Makoroboi, jijini Mwanza, ianze kwa Kiswahili bila kutafutwa kwenye mipangilio, na itunze taarifa ya mwisho iliyoiona ili mtandao ukikatika mama aone walau hali ya saa iliyopita, na saa hiyo iandikwe waziwazi. Kujisajili upya kumalizwe na wakala. Uwakala wa benki umeruhusiwa nchini tangu mwaka 2013, na laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Sioni sababu ya mtu kuvuka ziwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Bei nayo. Tulijifunza kitu tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, ikifika shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Watu hawakuandamana, walirudi kubeba hela mfukoni, na Serikali ikaanza kuipunguza kabla miezi miwili haijatimia. Mchuuzi anahesabu makato kuliko mhasibu. Kuangalia salio kwenye programu kuwe bure, na benki ikubaliane na kampuni za simu ilipe yenyewe bando la kuifungua. Hilo litagharimu, ila kila mteja anayejionea mwenyewe ni simu moja iliyopungua huduma kwa wateja na mtu mmoja aliyepungua kaunta kuuliza kama fedha imeingia.

Pingamizi la kweli ni kwamba wengi hawana simujanja, hasa wanawake, na hasa visiwani. Nakubali, na kwa sababu hiyo anayependekeza kuzima menyu ya nyota-reli ili kuwasukuma watu kwenye programu asisikilizwe. Lakini kwenye kisa hiki simujanja ilikuwepo, mkononi mwa binti. Familia nyingi za biashara zina walau moja. Programu inayomlazimisha kila mwenye akaunti awe na yake itawakosa. Inayomruhusu mama amtume mtu wake itawapata.

Pingamizi la pili ni usalama, na hapo mizani haiko upande mmoja. Programu iliyofungwa kwenye simu moja na alama ya kidole ni ngumu zaidi kuibia kuliko laini ambayo tapeli anaweza kuirudufisha kwa kumdanganya wakala. Kwa upande mwingine, kumbukumbu zote nilizozisifu ni mali ya kuibiwa pia, na afisa asiye mwaminifu anayejua mama ana milioni 9 leo na anavuka kesho ni hatari kuliko jambazi wa ziwani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana benki kuhusu nani anaona nini. Mteja naye aweze kuona kwenye programu nani wa benki amefungua taarifa zake na lini. Sijui kwa nini hilo lionekane ni jambo la ajabu.

Ningekuwa kwenye kikao cha bajeti, ningetaka fedha ya kwanza iende kwenye ruhusa ya kuona na risiti inayohakikiwa, ya pili kwa mawakala wa Nansio, Bwisya na Mwaloni wanaolipwa kwa kumfundisha mteja mpaka aweze, na ratiba ya marejesho ifuatayo mwezi iingie kabla ya kitu chochote chenye rangi mpya. Michezo ya bahati nasibu, picha na salamu za sikukuu zingoje. Na meneja wa tawi apimwe kwa wachuuzi wangapi waliifungua programu siku za giza, mzigo ukiwa umepangwa na lori likinguruma. Walioipakua siku ya uzinduzi wakapewa fulana wasihesabiwe.